Kamba ya Mzee Cheche

Kulipopambazuka, Bi Kamba alikuwa ameshainama. Alikuwa peke yake katika uwanja wa nyuma wa kiwanda cha sabuni, mpini wa ufagio mkononi, akipekua nyasi polepole kama mtu anayemtafutia mtoto chawa. Umande ulikuwa umemlowesha hadi magotini. Alikuwa akitafuta tufe la karatasi ngumu, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, lililofungwa kwa uzi na kushindiliwa baruti ndani. Kila alipofunua kichaka na kukikuta kitupu, hakujua ashukuru au alie.

Jana jioni kiwanda kilikuwa na sherehe yake, na yeye na mumewe ndio walioitwa kurusha fataki.

Fataki kubwa hulia mara mbili. Mshindo wa kwanza ni wa chini, mzito, pale bomba linapotema tufe. Wa pili ni wa juu, tufe linapopasuka na kumwaga maua yake ya moto. Bi Kamba aliifuatilia milio hiyo kwa maneno mawili tu. Bomba likitema, alisema, "Mama." Mbingu ikijibu, alisema, "Mwana." Mama, mwana. Mama, mwana. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, aliyekuwa akimsikilizia mumewe vivyo hivyo, na hakuna aliyejua desturi hiyo ilianzia wapi. Wenye kazi hiyo walisema mama akiita na mwana asiitike, mwana hajafa. Amelala tu, na ole wake atakayemwamsha.

Jana, karibu na mwisho, mama aliita. Ilikuwa sauti nzito ya lile bomba kubwa kuliko yote. Bi Kamba akanyanyua uso na kungoja. Muziki ulikuwa ukipigwa ukumbini, watu wakipiga vigelegele, fataki ndogondogo zikipasuka kama mahindi kwenye sufuria, lakini katikati ya kelele zote hizo palikuwa na tundu la kimya, na tundu hilo likamwingia kifuani.

Mwana hakuitika.

Alivuta kamba iliyokuwa mkononi mwake mara mbili, ishara yao ya kuacha kazi. Kwa mbali, kwenye moshi, mumewe aliendelea kuwasha. Akavuta tena, kwa nguvu za mikono yote miwili. Mzee Cheche hakusimama. Aliwasha mpaka la mwisho, kisha akanyanyua mwenge wake juu kama mfalme, na meneja wa kiwanda akaamuru geti la uwanja lifunguliwe, wageni waje kupiga picha na mabomba. Bi Kamba alipiga kelele hadi koo likakauka. Nani amsikilize mwanamke anayelia palipo na furaha?

*

Mzee Cheche hakupata uziwi kwa siku moja. Ujanani alikuwa akiwacheka wanaoziba masikio kazini. "Mnaogopa mlio wa mkate wenu?" aliwaambia. Basi mlio ukaanza kuchukua malipo yake polepole. Kwanza walinyamaza ndege. Kisha mvua ikaacha kulia juu ya bati. Kisha wakanyamaza wajukuu, na mwisho akanyamaza mkewe, katikati ya sentensi, wakati wa kula, akimwambia neno ambalo yeye mwenyewe hakulikumbuka tena.

Kanuni ilikuwa wazi: mrushaji fataki lazima aweze kusikia sauti ya mwenzake anayemlinda. Asiyesikia hapewi kibali. Mzee Cheche alijua kusoma midomo, na mkewe alijua kusimama mahali panapofaa, kwa hiyo kila ukaguzi walipita. Na kazini wakabuni kamba. Ncha moja ilifungwa kiunoni mwa mzee, nyingine ikakaa mkononi mwa mkewe. Akivuta mara moja, mwana amelia, washa linalofuata. Akivuta mara mbili, acha kila kitu, ondoka. Watu walipouliza, waliambiwa kamba ni ya usalama, asije akapotelea kwenye moshi. Haukuwa uongo mzima. Ndipo mwanamke yule, ambaye siku za kawaida alikuwa mshonaji magodoro, mwenye nyuzi za sufi kwenye nywele tangu Jumatatu hadi Jumamosi, akapata jina la Bi Kamba.

Kwa nini alikubali? Kwa sababu alimjua mumewe wa nyumbani. Nyumbani alikuwa mtu wa kona, anayeelezwa jambo baada ya wengine kulicheka na kulisahau. Alikuwa akitabasamu watu wakitabasamu, na kunyamaza wakinyamaza, kama kioo. Lakini akiukamata mwenge wake wa mpini mrefu, mgongo ulinyooka. Pale uwanjani hakuna aliyemzidi. Bi Kamba alijua kwamba siku atakayopokonywa ule mwenge, atakaa kwenye ile kona na hatatoka tena mpaka atolewe na watu wanne.

Kwa hiyo asubuhi hii, akipekua nyasi, aliomba dua ambayo hajawahi kuiomba mtu mwenye akili timamu. Aliomba awe kiziwi. Eh Mola, masikio yangu na yawe yameharibika. Na iwe kwamba tufe lilipasuka na mimi ndiye sikusikia. Chukua haya masikio, yote mawili, ila asiokotwe mwana amelala.

*

"Bi Kamba! Umeangusha hereni?" Alikuwa mlinzi wa kiwanda, anakuja na kikombe cha chai, koti limefungwa vifungo visivyolingana.

"Nimeangusha roho yangu," alisema. "Watu wamepita hapa asubuhi?"

"Nani apite? Wote wamelewa sifa, wamelala. Ila jana usiku walikanyaga humu kama ng'ombe."

Nyuma yake lori lilikuwa limeshaegeshwa, na Mzee Cheche alikuwa akilipakia. Alikuwa ameng'oa mabomba yote kwenye kasha la mchanga na kuyafuta, kwa sababu alikuwa mtu msafi na hakupenda chombo cha kazi kilale na masizi. Bi Kamba alipoliona lile kasha tupu, moyo ulimshuka. Kanuni nyingine wanayoijua hata vipofu wa kazi hiyo: mabomba hayang'olewi mpaka uwanja upekuliwe, kwa maana bomba ndilo shahidi. Linakuonyesha lilikoelekea.

Alimwendea, akasimama mbele yake ili midomo ionekane.

"Mbona umeyang'oa?"

"Mabomba yangu," mzee alijibu kwa ile sauti yake ya juu isiyojijua. "Na wewe unatafuta nini tangu alfajiri? Kuna uyoga?"

"Mwana wa bomba kubwa hakulia."

"Yalipasuka yote. Nimeyaona kwa macho yangu haya mawili."

"Ulikuwa umeinama, baba. Anayewasha huinama na kugeuza uso. Utaonaje juu?"

Mzee alicheka, akamgusa sikio kwa kidole chenye masizi. "Basi na haya yako yameanza kuzeeka. Karibu kwetu, mke wangu. Huku kumetulia."

Angekuwa mtu mwingine angemchukia. Yeye alitamani kumwamini. Alisimama pale akijaribu, kama mtu anayejaribu kulala kwa nguvu. Labda kweli. Labda muziki. Akageuka akaanza kuikunja kamba iliyokuwa bado imelala nyasini, ili mikono yake iwe na kazi.

Aliikunja, akaifuata, akaikunja. Haikuishia pale mumewe aliposimama jana. Ilipita nyuma ya magunia ya mchanga na kuishia kwenye kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini, kimefungwa fundo zuri, lile lile la kiunoni.

Bi Kamba alichuchumaa mbele ya kigingi.  Jana jioni alikuwa amevuta kwa mikono yote miwili, akimwita mumewe kwa kila nguvu aliyopewa na Mungu, na aliyekuwa upande wa pili ni chuma.

Mzee alikuja nyuma yake. Alipoona alichokiona mkewe, kicheko kilimtoka usoni.

"Walinicheka," alisema. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake ilikuwa ndogo. "Meneja aliuliza kama na mimi nitaletewa majani, kama mbuzi. Mbele ya watu. Nikasema leo tu. Leo tu nisimame bila kufungwa."

 Matusi aliyokuwa nayo mkewe hayakutosha, na mapenzi aliyokuwa nayo hayakuwa na kazi saa ile. Alinyanyuka, akauchukua mpini wa ufagio, akaenda kwenye kasha. Mchanga ulikuwa na unyevu, na mashimo ya mabomba yalikuwa bado hayajafukika. Madogo yote yalisimama wima. Alipofika kwenye shimo kubwa la mwisho, akauchomeka mpini taratibu, akauachia.

Mpini ukalala. Bomba lilikuwa limezama upande mmoja, pengine kwa mtikisiko wa yale yaliyotangulia, pengine mtu aliliegemea. Mpini haukuelekea uwanjani, kwenye nyasi alikokuwa akipoteza asubuhi yake. Ulielekea ukutani, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, bati kwa bati, moshi wa majiko ya asubuhi ukianza kupanda.

Mzee Cheche aliuangalia mpini kama mtu anayesoma jina lake kaburini. Kisha akaenda kwenye kigingi, akafungua fundo, akajifunga kamba kiunoni mwenyewe. Ncha nyingine akamkabidhi mkewe.

"Nivute popote," alisema.

Bi Kamba alimgeukia mlinzi. "Piga simu zimamoto. Waambie fataki kubwa haijapasuka, iko kwenye makazi."

Mzee aliisoma midomo yake. "Wale wakija, watakuja na maswali, mke wangu."

"Wasipokuja na maswali, watakuja na machela."

*

Waliingia vichochoroni wakiwa wamefungwa pamoja, mwanamke mbele, mzee nyuma. Watoto waliwaona kabla ya watu wazima.

"Oneni! Babu amefungwa!"

"Anapelekwa mnadani!"

Mzee Cheche alikuwa akitabasamu, maana watoto walikuwa wakitabasamu.

"Wanangu, njooni hapa," Bi Kamba alisema. "Nani ameona mpira wa karatasi? Wa kaki, umezungushiwa uzi, una kimkia kama cha panya. Nani?"

Hakuna aliyeona. Lakini nyuma ya choo kulikuwa na vishindo vya miguu na kelele za "pasi, pasi!" na alipokunja kona akaona kitu cha duara, cha rangi ya kaki, kikiruka kutoka mguu hadi mguu.  Alinyoosha mikono kuwazuia. Mpira ukaviringika mpaka miguuni pake. Ulikuwa wa matambara na mifuko ya nailoni.

"Bibi, tupe mpira!"

Aliurudisha, akaenda mlango kwa mlango. Kila mahali alisema maneno yale yale: ukiliona usiliguse, usilipige teke, usilitupe motoni, watoe watoto, niite. Mwanaume mmoja akiwa anapiga mswaki alisema kama ni baruti basi ataitafuta mwenyewe, imfae kwa panya. Mama mmoja aliyekuwa akianika alimwonyesha mashuka yenye matundu ya majivu.

"Hii ndiyo zawadi yenu ya jana. Nani atanifulia tena? Wewe au huyo mateka wako?"

"Nitakufulia, dada. Nitakufulia yote. Umeona tufe?"

"Sijaona. Lakini bibi wa nyumba ya mwisho analalamika tangu asubuhi mboga zake zimevunjwa. Anasema ni mtoto wangu. Mtoto wangu alikuwa amelala!"

Bi Kamba hakungoja mwisho. Alikimbia, kamba ikakaza, mzee akakimbia nyuma yake akihema kwa uzee.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na bustani ya upana wa mkeka, na katikati ya mboga kulikuwa na shimo, kama vile mtu ameikanyaga ardhi kwa kisigino kikubwa. Shimo lilikuwa tupu. Jiko la nyumba hiyo lilikuwa kibanda pembeni, mlango wazi upande wa upepo. Ndani, kikongwe aliketi kwenye kigoda akipepea mkaa, sufuria ya maji ikichemka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingieni, ingieni. Huo mlango usiwasumbue, leo hata ukipigwa na upepo haugongi. Nimepata kizuizi."

Tufe lilikuwa limekaa chini, limeegemea mlango, utambi wake mfupi umekatika na kuungua nusu. Kati yake na mkaa mwekundu palitosha mtoto wa kutambaa. Kila bibi alipopepea, cheche mbili tatu ziliruka, zikazima sakafuni.

"Nimelikuta kwenye mboga zangu," bibi aliendelea. "Zito kama jiwe. Nikasema, haya, umenivunjia mboga, basi fanya kazi."

Mzee Cheche aliliona. Bi Kamba aliihisi mikono yake kabla haijanyooka, kwa sababu aliijua mikono ile: ilikuwa imebeba matufe maisha yote, na ilitaka kulichukua lile lake, ilitoe, iliokoe, ifute jana. Alishapiga hatua. Alishainama. Vidole vilikuwa karibu na karatasi.

Akavuta kamba mara mbili.

Mzee alisimama palepale. Hakugeuka, hakuuliza. Aliganda mkono ukiwa umenyooshwa, kisha akaurudisha kifuani polepole, akarudi nyuma hatua kwa hatua kwa kadiri kamba ilivyomwongoza. Lililolala haliinuliwi. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe maneno hayo.

"Bibi, acha kupepea," Bi Kamba alisema kwa upole kuliko alivyowahi kusema neno lolote. "Weka kipepeo chini. Inuka. Njoo kwangu, pitia huku ukutani."

"Na maji yangu?"

"Nitakuchemshia mengine."

"Mnaniogopesha."

"Ogopa, bibi, lakini njoo."

Kikongwe alipotoka, mzee alimbeba mgongoni kama mzigo wa kuni na kwenda naye mbali, kamba ikiburuzika nyuma yake, na Bi Kamba alikuwa ameshang'oa shuka kwenye kamba ya jirani yule wa mashuka yenye matundu, ameshalizamisha kwenye beseni la mapovu.

"Shuka langu!"

"Nitakushonea godoro la kuliwekea! Leta ndoo! Watoto wote barabarani!"

Alisogea mpaka mlangoni, akalirusha shuka, likatua juu ya tufe na kulifunika. Akamwagia beseni zima. Akamwagia ndoo, akirudi nyuma, kisha nyingine aliyopewa na mikono asiyoiona. Maji ya sabuni yalitambaa sakafuni, mapovu yakasimama juu ya kile kifurushi, yakapasuka moja moja, bila sauti. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye matope. Alikuwa akisema kitu na hakujua ni nini. Mwenye shuka alimwambia baadaye kwamba alikuwa akirudia neno moja, mama, mama, kama mtu aliyefiwa.

*

Afisa wa zimamoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa. Aliwaondoa watu wote, akaagiza tufe lizidi kuloweshwa hapohapo, wenzake wakalichukua kwa namna yao. Aliporudi hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nani alijua halijapasuka?"

"Mimi, Afande. Nilisikia."

"Lini?"

"Palepale."

"Basi kwa nini kazi haikusimama? Na kwa nini geti lilifunguliwa?"

Bi Kamba alitazama chini. Angeweza kumtaja meneja, na ingekuwa kweli. Angeweza kutaja muziki. Afisa alikuwa akiitazama kamba, ambayo Bi Kamba alikuwa ameishika tena, kutoka mkono huu hadi kiuno kile. Mzee Cheche alikuwa amewapa mgongo, hatua chache mbele, akiangalia shimo kwenye mboga, akirudishia udongo kwa mguu.

"Hii kamba ni ya nini, mama?"

"Ya kazi."

"Kazi gani?"

 Afisa alisogea mpaka nyuma ya mzee, akasimama umbali wa mtu kumpiga mwenzake begani. Alimgeukia Bi Kamba mara moja, kama anayeomba radhi. Kisha akaita, kwa sauti kubwa, wazi, ya kazi:

"Mzee, ondoka hapo!"

Kamba ilikuwa mkononi mwa Bi Kamba. Ilikuwa imekaza kiasi tu, kama siku zote. Vuto moja dogo la kidole, hakuna ambaye angeliona, na mzee angegeuka, angetabasamu, angesema, "Naam, Afande," na wangerudi nyumbani na mwenge wao. Alikuwa amelivuta vuto hilo mbele ya wakaguzi miaka nenda miaka rudi. Kidole kilikuwa kimeshajikunja chenyewe.

Aliona mlango wa kile kibanda, umetulia, haugongi. Aliona mkaa.

Akafungua kiganja. Kamba ikaanguka kwenye matope.

"Mzee!" afisa aliita tena.

Mzee Cheche aliendelea kufukia shimo. Alipiga udongo kwa unyayo mara moja, mara ya pili, kisha akasita. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amehisi kiuno chake kimekuwa chepesi. Aligeuka taratibu, akamwona afisa mdomo ukiwa bado wazi, akaona watu wote kimya ng'ambo ya uzio, akamwona mkewe na mikono yake mitupu. Alimtazama usoni muda mrefu, akiusoma mdomo wake, lakini mdomo haukuwa na neno.

Basi akaanza kulifungua fundo mwenyewe. Lilikuwa limelowa na kukaza, na hakuna aliyethubutu kwenda kumsaidia.